Makofi ya Manyanga

Jumatatu, 4 Machi
Kazi nimeipata! Rekodi ya onyesho letu la ukumbini, saa moja na dakika ishirini bila kupumua, niikate iwe nyimbo mojamoja za CD. Kiongozi wa bendi amenipa mimi kwa sababu nyumbani kwangu kuna kompyuta. Ni ya binti yangu. Sikusema kwamba mimi huitumia kuwekea kikombe. Mimi na darasa la sita tuliachana kwa heshima, lakini kukata nani asiyejua? Kiongozi kasema ni rahisi: kata palipo na makofi. Jumamosi tutaisikiliza wote, kisha atataja watu wa kwenda ziarani. Gari lina viti saba. Sisi ni wanane. Mimi mpiga manyanga. Mapafu, mpiga kodiani, kasema mbele za watu kwamba manyanga tunaweza kuyaning'iniza kwenye kioo cha gari yakajipiga yenyewe. Wamecheka. Hata mpiga ngoma, ambaye hacheki mpaka aelezwe. Ziara hii siikosi ng'o!

Jumanne, 5 Machi
Nimekata palipo na makofi. Tulipiga nyimbo kumi na moja. Nimepata ishirini na sita! Vidole vya mikono na miguu havikutosha kuhesabu. Kumbe kila Mapafu akivuta kodiani yake peke yake, watu wanampigia makofi katikati ya wimbo, na mimi, mtu mtiifu, nimekata hapohapo. Wimbo wa tatu umekuwa vipande vinne kama muwa. Kipande cha tisa ni kiongozi akitangaza mwavuli uliookotwa. Nao una makofi. Mwavuli!
Nimesikiliza tena yote, natafuta makofi yangu. Dakika ya hamsini na mbili napiga manyanga peke yangu, sekunde kumi na tano za uhakika. Halafu mtu mmoja anakohoa. Basi.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kauliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Kasema pengine kikohozi kile kilikuwa cha furaha. Miaka arobaini na moja naishi na mwanamke huyu.
Sikukaa kitako mchana kutwa. Nimezunguka meza, nimefunga dirisha, nimefungua dirisha. Mara, wazo! Kompyuta ikikata, inabandika pia. Nimechukua makofi makubwa kuliko yote ya Mapafu, nikayabandika nyuma ya manyanga yangu. Kwake nimempelekea kikohozi. Huu si wizi. Makofi yalipigwa ukumbini, na mimi nilikuwa ukumbini.

Alhamisi, 7 Machi
Vipande vimeungana, nyimbo ni kumi na moja. Mwavuli nimeutupa. Ila kompyuta imetia ukimya wa sekunde mbili kila wimbo unapoisha. Watu wanapiga makofi, wanakufa ghafla, wanafufuka kwenye wimbo mwingine! Nimempigia binti yangu simu. Kanielekeza, akiniita Baba kwa sauti ile ya kumsemesha mgonjwa. Kasema baada ya hapo nisiguse kitu. Nimegusa. Imebidi nimpigie tena. Mara tatu.

Jumamosi, 9 Machi
Nani atanifukia?
Tumekaa sebuleni kwa kiongozi, wote wanane. Ikafika zamu yangu. Manyanga, safi kabisa. Halafu makofi kama paa linaanguka! Kiongozi kainua nyusi. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Katikati ya makofi, ikatoka sauti dume: Mapafu! Mapafu weee! Rudia, Mapafu!
Wote wakanigeukia. Nikasema labda yule bwana alikuwa anasifia afya yangu.
Wimbo uliofuata, kodiani ya Mapafu ikalia hadi nywele zinasimama. Ilipomaliza, kikohozi. Mpiga ngoma kacheka hadi kaanguka kutoka kwenye kiti, na safari hii hakuelezwa.
Kiongozi kasoma majina saba. Langu halimo. Mimi nayatazama manyanga yangu mapajani. Mapafu kasimama. Nikajua sasa ananimalizia. Kumbe kasema yeye bila manyanga hukimbia mbele ya wimbo, kila mtu hapa anajua. Kasema kwenye zile sekunde kumi na tano aliweza kupumzisha mikono kwa sababu mapigo yalikuwa kwa mtu wa kuaminika. Nikienda mimi, yeye yuko radhi kukaa juu ya sanduku la ngoma safari nzima. Kiongozi kajikuna kichwa, kakubali kwa sharti moja: makofi yarudi yalikotoka. Nimemshika Mapafu mkono, nimemwita ndugu yangu. Macho yaliniwasha. Sebule ile ina vumbi.

Jumapili, 10 Machi
Nimemrudishia Mapafu makofi yake. Yote. Karibu yote. Nimebakiza sekunde nne tu, nazo nimezisikiliza mara kumi, sina haraka tena. Hakuna anayetaja jina la mtu. Ni kigelegele kitupu cha mwanamke, kirefu, kitamu. Kigelegele hakina jina!
Mke wangu kapita na ndoo, kasimama. Kasema hicho ni chake, na alikuwa anampigia Mapafu.
Nimefikiri. Mke ni wangu, koo ni la mke wangu. Hiyo ni mali ya nyumba hii.
Nimebandika.