Mtungi wa Harusi ya Dunja

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Slavka kaja na maneno. Binti yangu wa pekee, kanisemesha kama polisi. Eti Dunja, mjukuu wangu, hakanyagi tena hapa mpaka niingie klabu ya walioacha pombe. Yote sababu ya kisima. Machi nilipewa mtoto nimwangalie, nikapumzisha macho kidogo, wakamkuta kaketi ukingoni anatupia mawe majini. Miaka minne! Hana woga, kanirithi mimi. Halafu kifuniko kilikuwa nusu kimefungwa. Hilo halisemwi.

Nimekubali. Mimi nikiamua jambo, maksai wawili hawanirudishi. Tumemwaga rakija yangu yote, ile pombe kali ya plamu ambayo vijiji vitatu hakuna anayeiweza. Kuku wameyumba uani hadi jioni. Slavka akauliza, "Baba, hakuna nyingine?" Nikasema hakuna. Akautazama mtufaha.

Chini ya mtufaha kuna mtungi wa rakija, lakini ule si pombe. Ni mila. Niliuzika siku Dunja alipozaliwa, ufukuliwe siku ya harusi yake. Mila haihesabiwi.

Nikalala kidogo kwa huzuni. Nilipoamka, Slavka ananawa mikono, koleo limeegemea ukuta, lina udongo mbichi. Kapalilia bustani bila kuambiwa. Mchapakazi, kama mimi.

Jumanne, tarehe 3

Kutafuta klabu. Siwezi kuuliza kila mtu, mimi nina jina. Nikaenda baa kwa Staniša. Nani atawajua walioacha kama si yule waliyemwacha? Akasema, "Hao, mzee Milisav, siku hizi wananisalimia kwa mbali kama nina ukoma." Wanakutana Alhamisi, chumba cha nyuma kwenye jumba la zimamoto. Akaniwekea glasi mbele yangu, kwa mazoea tu. Nikaitazama. Ikanitazama. Nikatoka.

Nilirudi nyumbani mikono mfukoni. Baridi.

Alhamisi, tarehe 5

Aibu! Mwenyekiti wa klabu ni Radoje! Jirani yangu Radoje, aliyeuonea wivu mtambo wangu wa rakija miaka yote. Anakunywa chai ya mnanaa, uso unang'aa kama yai la Pasaka. Akauliza nimekuja na nani. Na mimi mwenyewe, nikasema, natosha. Kumbe kwao haingii mtu peke yake. Lazima aje na mtu wa nyumbani, kila wiki, aketi ubavuni mwake, naye aseme.

"Hadithi za mlevi tunazijua, jirani," akasema Radoje. "Tunataka za yule anayefagia glasi zilizovunjika. Njoo na Slavka."

Slavka! Aje aseme habari ya kisima mbele ya Radoje? Bora nife.

Ijumaa, tarehe 6

Nina akili kuliko klabu nzima. Vukosava, mjane wa ng'ambo ya barabara, atakuja kama mchumba wangu. Nimemwahidi kuni za kumtosha hadi masika. Kazi yake ni kuketi na kutikisa kichwa. Akauliza, kutikisa vipi, kwa huruma au kwa kukana? Nikamwambia asijitie werevu.

Alhamisi, tarehe 12

Nikamtangaza mchumba. Radoje akakohoa. Mama mmoja akamuuliza Vukosava anaishije na mimi. Laiti asingeuliza! Mwanamke alikuwa na shehena ya visa. Nilivyopitiwa na usingizi bandani mwa nguruwe siku ya mtakatifu wa nyumba yetu, wageni mezani wananisubiri nikate mkate. Nilivyomwimbia mbuzi wake nikidhani ni yeye. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, niliimba vizuri.

Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Slavka. Radoje alikuwa amemwita. Akaketi upande wangu wa pili, hakuvua koti. Kicheko kikakatika.

"Nilipomwona Dunja pale kisimani nilijiziba mdomo nisimwite," akasema, "asije akashtuka akatumbukia. Nikamwendea taratibu. Baba, njia nzima nilikuwa nakusikia unakoroma."

Hakuna aliyenitazama. Nilitaka kusema habari ya kifuniko. Nikaishia kuinamia kofia yangu.

Nje akaniambia atakuja nami kila Alhamisi. Na Jumapili atamleta Dunja. "Lakini kinywaji kimoja tu, Baba, au uongo mmoja tu, basi humwoni tena."

Jumamosi, tarehe 14

Kesho Dunja! Nimefagia, nimeoka maboga. Sijagusa tone. Wilaya hii haijaona mwachaji kama mimi. Radoje mwenyewe aliirudia pombe mara mbili.

Asubuhi nikaufikiria mtungi. Baridi inakuja, kizibo hupasuka. Mtu wa mila hukagua. Nikachimba hadi kiunoni. Nta ya kizibo imebanduliwa! Nikaonja kijiko, kwa ukaguzi. Nikaonja kikombe.

Maji! Maji matupu, tena ya kisima changu, nayajua kwa ladha ya chuma.

Wezi! Wamekunywa harusi ya mtoto! Ni Radoje, nani mwingine? Anaiba kwangu halafu ananihubiria na mnanaa wake. Na Slavka anamwamini. Nilitaka kungoja Alhamisi nimwumbue mbele ya klabu, lakini damu inachemka. Kesho Slavka akifika langoni tu, kabla hajamshusha mtoto, nitamweleza yote: mtungi nilivyouficha, nilivyouonja, nilichokuta. Aone nani mwongo hapa.

Shimo sijalifukia. Nimeliacha wazi, liwe ushahidi.