Saa Kumi ni Saa Kumi

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimeiona! Saa ya ukutani ya pembe nane, mbao nyeusi, ulimi wa shaba unaoning'inia. Pacha wa ile ya sebuleni kwa baba, Vikokotoni, aliyoiuza ili anioze. Miaka hamsini naitafuta, naja kuikuta Guangzhou, kwa mzee wa Kichina auzaye vitu vya kale! Alhamisi mjukuu wangu Vuai anafunga kontena la mizigo ya nyumbani, linakwenda bandarini Nansha. Lazima iingie.

Balaa: Mwanahija, shoga yangu niliyesafiri naye, alikuwa nyuma yangu. Yeye nyumbani anazo saa kuukuu saba, mie sita, basi shingo imemrefuka kama twiga. Mzee bado anaitengeneza springi. Akaashiria kesho kutwa, akabofya kalkuleta: 10. Atakayetangulia, yake. Sote wawili tukaitikia kwa kichwa. Saa kumi!

Jumanne, 14 Oktoba
Akili ninayo, skuli ndiyo sikukaa. Nimempelekea Mwanahija habari kwamba soko la Zhanxi, mbali na hapa, kuna mtu anamwaga saa kuukuu, kesho saa tisa alasiri, basi. Uongo mtupu! Zhanxi ni viatu, saa mpya na mikokoteni. Saa kumi itamkuta kabanwa baina ya maboksi. Kanijibu ati Mungu aniweke, shoga yake. Nimecheka mpaka meno ya bandia yakanitoka!

Jumatano, 15 Oktoba
Saa tisa na nusu nimefika. Buibui jipya, udi mwili mzima. Ukuta mtupu!

Nikamuuliza mzee iko wapi. Akabofya 10. Nami nikamwonyesha saa yangu ya mkononi: mshale unaelekea nne, yaani kumi inakaribia, saa husomwa ng'ambo ya pili, mtoto wa chuoni anajua! Akacheka mpaka akakaa kitako.

Kaiuza asubuhi. Kwa Mwanahija! Alipita saa nne kumtaka radhi mzee, kwamba alasiri hataweza, ana safari ya Zhanxi. Akakuta anangojwa, saa imeshafungwa karatasi. Na aliyekwenda kumfasiria ni nani? Vuai! Damu yangu! Mwenyewe kanisimulia jioni, ati kumi ya Wachina ni saa nne yetu. Nikamwambia basi wamekosea, tena wote, na walivyo wengi!

Alhamisi, 16 Oktoba
Kontena limefungwa. Saa ya baba imo, kwa jina la Mwanahija. Niliigusa ubavuni kabla hawajafunga mlango. Mwenyewe kaniletea kashata za shukrani, ati bila Zhanxi yangu angeikosa. Nimekula zote. Chai sikumpa.

Lakini! Mzee kapata nyingine, kubwa zaidi, ina ndege juu! Jumamosi. Kabofya 9. Vuai akaanza tena hesabu zake. Nikamwambia asinifundishe saa, mie nimezaliwa chini yake. Mzee keshakosea mara moja, kashika adabu. Tisa ni tisa.

Mwanahija nimeshamtuma Zhanxi. Saa nane mchana.