Kibubu Aamriwe Kula Chenji Yake ya Mkopo

Mama Mlezi wa Wanafunzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na ofisi nzima ni salama. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inaniuma, na chanzo ni mwenzangu wa chumba, tunayemwita Kibubu. Nalalamika kwa heshima zote kwamba kijana huyu ana pesa na hataki kuzila.

Kama ujuavyo, chuo kikishakata ada, chenji ya mkopo tunakabidhiwa wenyewe, tulipie kitanda cha bweni na tujikimu. Mimi na Kibubu tulipewa siku moja, dirisha moja, kiasi kilekile. Basi sikia vituko.

1. Mimi nilinunua spika na viatu vyeupe, nikawaalika marafiki wakala wakasaza. Yeye akalipia kitanda, akanunua maharage na jiko la mafuta, akarudi na kandambili zake zilezile. Kabla ya siku hiyo sikuwa mpumbavu, Mama. Nilikuwa mwanafunzi wa kawaida. Ni yeye aliyenifanya nionekane hivi.

2. Maharage hayo nalazimika kuyala kila jioni, bure. Hajanidai hata senti, wala kunisimanga. Jamani, udhalilishaji gani huu! Mtu akikusimanga angalau unapata la kumjibu.

3. Mama yangu mzazi alipiga simu nikiwa naoga, Kibubu akapokea. Alipoulizwa kama chenji imetoka, akasema imetoka. Kumwambia ukweli mzazi wa mwenzako, ndiyo malezi hayo? Tangu hapo mama akipiga huanza kumuulizia yeye.

4. Sote tukiwa kama Kibubu, muuza viatu wa getini atakula nini? Na kinyozi? Na yule jamaa wa spika, niliyemwahidi kurudi kuchukua ya pili? Namwambia ponda mali, kufa kwaja. Ananijibu akiba haiozi. Nchi haijengwi kwa maharage.

5. Hili ndilo zito. Kiasi kilichobaki anataka kukirudisha kwenye mfuko wa mikopo, eti deni lake lipungue! Wakubwa wakijua kwamba pesa hizi huweza kurudi, si watatupunguzia sote? Huu ni usaliti, na mwingine angeuita uhaini.

Kwa hiyo naomba Kibubu aamriwe kumaliza pesa zake kabla ya Ijumaa. Niko tayari kumsimamia bila malipo. Akikaidi, ahamishwe chumba, ila jiko libaki.

Nisalimie karani wa dirishani, mfagizi wa ukumbi, na hasa mlinzi wa mlango wako, ingawa hanipitishi kwa kuwa jina langu limebandikwa ubaoni pamoja na ya wenzangu wanaodaiwa pesa ya kitanda. Tusipolipa, Jumatatu hatuingii kwenye mtihani. Sina kinyongo na mlinzi, anafanya kazi yake.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Bosi, kitanda cha juu

N.B. Kwa vile mlinzi hanipitishi, barua hii nilimpa Kibubu akuletee. Sikuwa na bahasha. Akaisoma yote, akasahihisha neno moja, kisha akauliza kama kweli jina langu liko ubaoni. Nilikuwa sijamwambia, kwa aibu. Nikasema ndiyo, akatoka. Amerudi sasa hivi na risiti ya kitanda changu. Zile za kurudisha kwenye mfuko zimeishia hapo, kwa hiyo ombi langu limetimia: pesa zake zimekwisha kabla ya Ijumaa. Machozi yamenitoka, Mama, nikasingizia vitunguu.

Barua nakuletea mwenyewe, maana sasa mlinzi atanipitisha. Sikuiandika upya kwa sababu karatasi ni yake. Ukimjua mtu anayetaka spika, naiuza leo hii ili nimrudishie. Na tafadhali sana, asihamishwe. Wala jiko.