Mimi Siishi Pangoni

Sufiani Pazi,
Kinole.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maonyesho ya Picha za Kale za Misri,
Morogoro Mjini.

Ndugu Mwenyekiti,

Huku Kinole wote wazima, ila mimi ni mzima nusu. Mimi ndiye yule aliyekaa pekupeku chini ya jabali, picha ya mwisho ukutani kwenu, mliyoiandika "Mkaaji wa Mapangoni, Uluguru". Nina malalamiko.

Kwanza, sina pango. Nina nyumba ya bati na umeme ninao. Mpiga picha wenu, Frank, alinionyesha kwenye simu picha za Misri walizopiga watalii wa Kizungu zaidi ya miaka mia iliyopita: nguzo kubwa mno, na chini yake Mmisri mmoja kakaa kama kasahauliwa. Akasema anataka ya namna ile ya huku kwetu, ya kufungia maonyesho, mtu awepo ili ukubwa wa jabali uonekane. Mgeni akiniomba kitu kidogo mimi huona haya kukataa. Nikavua viatu. Akaomba saa, nikavua. Akaomba nisicheke, na hapo ndipo nilipopata taabu, maana asubuhi ile nilikuwa nimeletewa habari njema.

Pili, habari yenyewe ni kwamba kijana wa Gairo anataka kumwoa mpwa wangu Raya. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo washenga walipangiwa kuja kwangu mwezi uliofuata. Walipopita mjini wakaingia kwenye maonyesho yenu kupoteza muda, wakaniona. Basi walipofika Kinole, posa hawakuitaja kabisa. Walinipa pole, gunia la mahindi na kandambili, wakarudi kushauriana kama kijana wao aoe kwenye ukoo wa pangoni. Raya hali wala hanywi. Dada yangu Asha, mama yake, hanisemeshi. Inaniuma, Mwenyekiti, sikufichi.

Tatu, nilikuja huko mjini kuangalia mwenyewe. Yule Mmisri wa nguzoni nimemkuta tena ukuta wa pili, kapewa kiriba, eti muuza maji. Ukuta wa tatu yuko juu ya ngamia, eti sheikh wa jangwani. Kovu la shavuni ni lile lile. Enzi hizo treni ilikuwa tayari inatoka Iskandaria hadi Kairo, lakini kwenye picha zenu hakuna hata moshi wake. Nashuku naye alikuwa na mpwa wa kuozesha.

Nne, jina la ngamia mmeliandika. La yule Mmisri hamna.

Kwa hiyo naomba picha yangu ishushwe, iwekwe nyingine nikiwa na viatu, saa na mita ya umeme. Kamati nzima tufuatane Gairo mkaape kwamba sina pango. Mkirudi, wajumbe wote mpigwe picha pekupeku chini ya jabali lile, na kicheko marufuku.

Nisalimie wajumbe, wenza wao, na mlinzi wa mlangoni aliyenionea huruma akanigawia chapati yake.

Ni mimi, mwenye nyumba,
Sufiani Pazi.

Tanbihi: Watu wa Gairo wamelegea tangu nianze barua hii. Wametutumia picha yao ya familia ili tuwafahamu. Wamevaa suti, wameegemea gari. Ukoo mzima tumevunjika moyo, maana sisi tulitegemea wakulima wa karanga. Nimewarudishia. Nimewaomba wavue makoti, wakae juu ya magunia na wasiangalie kamera. Frank akipata nafasi mtumeni huko haraka, posa itamsubiri.