Uenyekiti, Fremu ya Chuma na Watu wa Runazi

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimetukanwa. Si kwa neno, kwa kengele. Nilikuwa naisukuma baiskeli yangu katika theluthi ya mwisho ya kilima cha Ngara, pumzi zimenikauka, mwalimu mwenzangu Telesfori akanipita akiwa ameketi juu ya lile dude lake jeusi lisilo na gia, mkungu wa ndizi kwenye keria. Akapiga kengele. Mara mbili! Kisha akauliza, kwa upole wa mwalimu wa dini, kama baiskeli yangu inaumwa, maana anaona naitembeza kama ng'ombe anayepelekwa josho.

Jioni amewasilisha barua. Anagombea uenyekiti wa Chama cha Walimu Waendesha Baiskeli, ambao nimeushika miaka sita bila mtu kuthubutu. Katiba, niliyoiandika kwa mkono wangu, inasema mwenyekiti na mpinzani wake wapande kilima, na atakayetangulia kufika sokoni ndiye atawale. Niliiweka ibara hiyo nikiamini hakuna mwalimu atakayekubali kutoka jasho hadharani. Siku imepangwa: Jumapili, tarehe 20.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetafakari siku mbili. Tatizo si miguu yangu. Tatizo ni chombo.

Kinachohitajika ni baiskeli ya milimani yenye fremu ya chuma, springi mbele tu, nyuma ngumu. Springi ya nyuma hunyonya nguvu za mpandaji, nami sina za kugawa. Fremu ya aluminiamu ikipasuka ni chakavu, ilhali ya chuma huchomelewa na fundi yeyote wa mageti. Hoja imefungwa.

Kwa uchunguzi wangu iko moja tu: Runazi, Biharamulo, nyumbani kwa Mzee Shibuda. Mzee hana simu. Nimempigia Anold, bodaboda wa huko, nikampa ujumbe. Neno “baiskeli” nimelifuta kabisa kwa ajili ya usiri, kwani Telesfori ana masikio hadi stendi. Ujumbe ulikuwa huu: Mwalimu Philbert anakuja Jumamosi, amesikia sifa za ile imara iliyo kwa Mzee Shibuda, anataka wakubaliane mahali. Yaani mahali pa kukabidhiana. Nilimwamuru aurudie. Aliurudia barabara, isipokuwa zile l na r zake, ambazo nilimsamehe, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu.

Jumamosi, 12 Julai

Sitasamehe tena r ya mtu yeyote.

Nimeshuka basi Runazi saa tano. Uani kwa Mzee Shibuda viti vimepangwa safu mbili. Sufuria tatu jikoni. Wazee wamevaa makoti. Nilipotoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba mkwe wangu, na nyuma yake vigelegele vikapasuka. Mkwe! Anold alikuwa amefikisha kwamba nakuja kwa ajili ya mahari.

Wakaniuliza mshenga wangu yuko wapi. Nikajibu kwamba ya nini mshenga, nataka kuiona kwanza, niipime urefu, nione kama kuna mahali ina kutu. Mzee mmoja akavua kofia. Mwingine akaomba aelezwe kwa utaratibu kutu hiyo huwa inatokea wapi.

Nilisimama nikawafafanulia. Ningekusudia mtu, ningesema “aliye”. Nilisema “iliyo”. Ngeli ni ushahidi! Felisita, dada yake mzee, akanijibu kwamba hapa kwao hata binti ni “binti yangu”, kwa hiyo ngeli zangu nirudi nazo Ngara kwa basi lilelile.

Ndipo akatokea huyo binti mwenyewe, Suzan, mikono imejaa grisi. Ni fundi baiskeli, na ile fremu ni yake, ameiunga kipande kwa kipande. Aliposikia mkasa wote alikaa chini kwa kucheka. Akasema tangu Pasaka hajacheka hivyo, basi ataniazima hadi mashindano yapite, lakini nisiguse kitu. Hasa pedali ya kushoto: hiyo hukazwa kinyume, mkono uelekee kushoto.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na saba. Nilimshukuru kwa adabu.

Jumanne, 15 Julai

Marekebisho. Nimetumia futi kamba, timazi na bikari. Kiti kimepanda sentimita 2.4. Springi ya mbele sasa inazama robo ya urefu wake ninapoketi, si zaidi. Upepo nimeupunguza kidogo ili tairi ling'ate changarawe. Kazi safi.

Pedali ya kushoto nimeikagua. Kama nilivyoshuku, fundi aliikaza kushoto! Nimeikaza kulia, kama skrubu zote za ulimwengu uliostaarabika. Mwanzoni ilikataa, kisha ikalainika vizuri. Mizunguko miwili. Dhahiri ilikuwa imefungwa vibaya.

Jumapili, 20 Julai

Nitaandika kwa utulivu.

Watu walijaa baada ya misa. Suzan alikuja kuitazama baiskeli yake. Nilitangulia. Ndiyo, nilitangulia! Mwendo wa gia nyepesi, mgongo umenyooka, Telesfori nyuma yangu mita hamsini akihema kama mvukuto. Zikiwa zimebaki mita mia nne, pedali ya kushoto ilichomoka pamoja na mguu wangu juu yake. Niliangukia upande wa mtaro. Pedali ikabingirika kilimani hadi miguuni pa masista wawili, nao wakaipisha kama gari la mkuu.

Telesfori alinipita. Hakupiga kengele. Alinionea huruma! Hilo nitalikumbuka hadi kaburini.

Suzan alitazama tundu la pedali, meno yote yamelika. Hakucheka. Aliniuliza swali moja: niligusa? Nilimjibu kwamba suala hilo linahitaji muktadha. Akaichukua baiskeli yake, akaondoka.

Uenyekiti umekwenda. Miaka sita!

Jumamosi, 26 Julai

Amri ya kwanza ya mwenyekiti mpya: kila mwanachama ahudhurie mafunzo ya matengenezo. Mkufunzi: Suzan wa Runazi. Mimi nimeandikwa wa kwanza katika orodha, na jina langu limepigiwa mstari.

Nimehudhuria. Nimekaa mbele, daftari jipya, kalamu mbili. Suzan akaanza: leo tunaanza na “pedari”. Nikanyoosha mkono. Akaendelea: “pedari” ya kushoto, tazameni. Nikasimama. Nikaeleza tofauti ya l na r, nafasi ya ulimi, na madhara ya uzembe huo kwa taifa. Nilikuwa bado kwenye ulimi Telesfori aliponishika kiwiko akaniomba, mzee mwenzangu, nipunge upepo nje.

Nimekaa nje kwa saa mbili. Kupitia dirishani nimewasikia wakisema “aaah!” kwa pamoja, mara tatu, kama watu walioelewa jambo.

Hapana neno. Nadharia ninayo. Nimetumia muda huo kuandika barua ya kuugombea uenyekiti.