Viegemeo vya Kichwa na Mke Wangu Verlene

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Magari ya Zamani,
Lima, Ohio.

Mheshimiwa Bwana Stadtmiller,

Natumaini u mzima na kabureta yako imetulia. Mimi sijatulia hata kidogo, kwa sababu zifuatazo:

1. Gari langu lilitoka kiwandani tarehe 30 Desemba 1968. Wakati huo viegemeo vya kichwa vya kwenye viti vilikuwa kifaa cha hiari, na mnunuzi wa kwanza, bahili yule, hakuvitaka. Siku mbili baadaye serikali ikaamuru kila gari jipya liwe navyo. Nilipokuja kulinunua mimi, nikavifunga mwenyewe kwa ajili ya mke wangu, Verlene. Jaji wenu wa mashindano ya magari asilia, Bwana Kowalczyk, akavimulika kwa tochi, akasema, "Norbert, ndugu yangu, hivi havikuzaliwa na gari," akanikata alama sita.

2. Nikaving'oa. Verlene akagoma. "Shingo yangu ni ya mwaka hamsini na moja," alisema, "na vipuri vyake havipatikani." Basi kwenye gwaride la sikukuu ya uhuru, Julai Nne, akapanda gari la jirani yetu, Delbert Fusco, lililoundwa tarehe tisa Januari 1969, ambalo serikali ililivisha viegemeo kwa nguvu. Miaka arobaini na sita ya ndoa, Mwenyekiti! Nilipita barabara kuu nikipungia watu mkono, na kiti cha pembeni kimebeba sandwichi. Niliumia sana.

3. Kwa hiyo naomba chama kitangaze kwamba tarehe 30 Desemba 1968 ilikuwa Januari.

4. Kama kalenda haiguswi, basi sheria iwe moja kwa wote. Kila kisichotoka kiwandani na gari hukatwa alama. Verlene hakutoka kiwandani na gari la Delbert. Cheti cha ndoa ninacho. Mkateni Delbert alama, tena mara mbili, maana mke wangu alikuwa anacheka njia nzima.

Wasalimie nyumbani, na wanachama wote isipokuwa mmoja, unamjua.

Wako kwa heshima na uchungu,
Norbert Hagedorn

Tanbihi: Nimempa Verlene aisome barua hii kabla sijaituma. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema shingo haijawahi kumuuma. Alikwenda na Delbert kwa sababu Delbert huendesha kimya, hamsimulii mtu habari za viegemeo. Basi yote niliyoomba hapo juu yafutwe. Ila kama mwaka ule kiwanda kiliuza kifaa cha hiari cha kumfunga dereva mdomo, tafadhali nitumie namba ya kipuri. Hata kama si asilia, nitakifunga.