Bia Ilifika Ukweni, Tukaishia Kuitazama

Jamani, mimi leo wa kuficha uso. Lakini someni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Mnamjua Deo wangu, mtoto wa marehemu kaka. Anachumbia Goreti wa Ulyankulu. Kwao Goreti asili ni Burundi, na huko mahari haizungumzwi koo likiwa kavu. Wazee walituambia wazi: bia ya kwao, ile ya Burundi, iwekwe mbele yao ndipo waanze maongezi. Isipofika, turudi na kijana wetu.

Nikasema, hilo tu? Mimi mwenye grosari Gongoni, hapa Tabora, nishindwe na bia? Nikaagiza mzigo mzima, wa ukweni na wa grosari. Tena kwa sheria! Nikatafuta wakala wa forodha. Bia ikaandikwa bia (wapo wanaoandika juisi, nawajua, na wengine mko humu). Kiwango chake cha kilevi kikatajwa bila kupunguzwa. Mpakani lori likapigwa lakiri, kile kifungo cha forodha chenye namba, ili mzigo ukakaguliwe na kulipiwa ushuru Tabora mjini.

Leo asubuhi, tukiwa tayari ukweni Ulyankulu, wakala akanipigia. "Shangazi, shikamoo. Lori lije moja kwa moja yadi ya forodha. Nimepata afisa wa kutusubiri, ingawa ni Jumamosi."

"Marahaba. Sawa, mwanangu."

Sasa nisikilizeni. Lori linatoka Kigoma. Linapita Urambo. Ulyankulu iko hapo pembeni. Eti liende mpaka Tabora, halafu ligeuze lirudi Ulyankulu, wakwe wamekaa wanasubiri? Akili gani hiyo? Nikampigia dereva: "Kata kona, njoo ukweni kwanza."

(Najua. Kaeni kimya.)

Lori likaingia uani kwa honi. Vigelegele! Nami na kitenge changu kipya nikasimama kutoa hotuba. Nikaona kusifia bia hakutoshi, nikawafundisha na forodha. "Wakwe zetu, watu wanapoteza mizigo kwa ujanja mdogo mdogo. Mkitaka msikosee, nifuateni mimi!" Makofi. Nikaomba koleo. Nikazunguka nyuma ya lori, nikaishika lakiri.

"Mama, usikate!"

Alikuwa baba mdogo wa Goreti, mtu mpole, aliyenisikiliza muda wote.

"Nisikate kwa nini, mkwe? Bia ni yenu hii."

"Bado iko mikononi mwa forodha, mama. Na forodha ndiko ninakofanya kazi."

Koleo likanidondokea mguuni.

"Mzigo wenye lakiri hauanzii ukweni," akaendelea, kwa adabu mpaka nikatamani angefoka. "Ukikata hapa, wote unaweza kutaifishwa. Nami nitakuwa nimeshuhudia."

Deo ananitazama kama mtoto aliyesahauliwa stendi. Bibi yake Goreti akauliza kwa sauti: "Kwa hiyo hatunywi?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Aibu nimeshaipata, halafu na Deo akose mke? Haiwezekani! Nikamgeukia mzee wao msemaji.

"Baba, mlitaka bia iwekwe mbele yenu. Iko wapi?"

"Iko mbele yetu."

"Kuna aliyetaja kunywa?"

Mzee akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama viatu vyake. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na uani kote wakamfuata. Mahari ikazungumzwa hapohapo, wazee wamelielekea lori, kila mtu na soda mkononi. Tukakubaliana!

Baada ya hapo baba mdogo akapanda lori mwenyewe, akakaa kati yangu na dereva mpaka Tabora. Tulipofika, afisa aliyekuwa akitusubiri alikwishachoka akaenda zake. Mzigo umelala yadi, na Jumatatu natakiwa kueleza kwa nini lori lilikata kona.

Nitaeleza. Sijaiba, sijaficha, nimewahi ukweni tu.

Ulyankulu sasa naitwa Mama Lakiri. Sawa. Deo kapewa mke. Anayetaka kucheka acheke leo, maana bia ikitoka, yake nitamuuzia ya moto.